Kamba ya Mtamba wa Bibi Aikaeli

Sogeeni hapa barazani, mvua hii haikatiki sasa hivi, na mimi nina jambo linalonikosesha raha. Nitawasimulia, nanyi mtaniamulia. Watoto nao waseme, maana wakubwa wamezoea kunionea haya.

Katika mtaa wetu huu wa kanisa, hapa mlimani, walikuwapo watu watatu wenye vipawa. Elisaria fundi alijaliwa mikono: ukuta aliousimamisha yeye hauyumbi. Mama Ndeenengo alijaliwa kuuguza: mgonjwa aliyekataa chakula cha watu wote alikula chake. Wa tatu alijaliwa miguu na mgongo: alipanda na kushuka mlima huu na mzigo bila kuhema. Jina lake nitalitaja baadaye.

Mwaka ule wa mvua nyingi, Bibi Aikaeli, mjane asiye na mtoto, aliteleza akikata majani ya ng'ombe na panga likamchana mguu. Wiki hiyohiyo ukuta wa nyuma wa nyumba yake ukaanguka. Mwinjilisti akatangaza ibadani: "Ndugu zangu, Bibi yetu akifa kwa baridi, au kwa njaa, au kwa kidonda, tutamjibu nini Mungu?" Watatu wale wakasimama palepale.

Elisaria alijenga. Wiki tatu alikanda udongo na kupanga mawe, hakudai hata chai. Alipomaliza ukuta wa nyuma, akaupiga lipu na ukuta wa mbele, ule unaoonekana kutoka barabarani, ingawa haukuwa na kasoro yoyote. Uchaguzi wa wazee wa kanisa ulikuwa umebakiza mwezi mmoja.

Ndeenengo aliuguza. Kila asubuhi alileta mtori wa ndizi wa moto, akamlisha Bibi, akamwogesha, akamfulia. Lakini Bibi alipomshukuru, yeye aligeuza uso.

"Mbona machozi, mwanangu?"

"Moshi tu, Bibi."

Moto ulikuwa haujawashwa. Kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, na cha Bibi vinapakana, na mpaka wenyewe ni mstari wa masale, ile mimea yetu ya kupandwa mipakani. Mwaka ambao Bibi alikwenda kumuuguza dada yake, Ndeenengo aliyang'oa masale yale na kuyapanda hatua mbili ndani ya shamba la Bibi. Hakuna aliyejua.

Wa tatu alibeba. Kila baada ya siku mbili alimweka Bibi mgongoni, akateremka naye hadi zahanati kusafishwa kidonda, akapanda naye tena, miezi miwili mizima. Siku ya kwanza alipokwenda kumchukua, alimwona mtamba bandani, mweusi mwenye paji jeupe. Zizi lake mwenyewe lilikuwa tupu tangu ng'ombe wake afe. Akajisemea kwamba Bibi hana mrithi. Kuanzia hapo, kwenye mteremko ule wote, Bibi akiimba tenzi mgongoni kwake, yeye aliwaza maziwa.

Bibi akapona. Siku ya ibada ya shukrani akaja kwa miguu yake mwenyewe, akimvuta yule mtamba kwa kamba hadi hapo uwanjani pa kanisa.

"Wanangu," akasema, "sina kingine. Mtamba huyu ni wa yule aliyenihudumia kwa ajili ya Mungu, bila kutafuta chake. Mioyo yenu mimi siioni. Semeni wenyewe."

Elisaria, aliyekwisha kuchaguliwa mzee wa kanisa, akavua kofia. "Mimi siye, Bibi. Nilitaka kura." Watu wakacheka, kisha wakaona hakuna la kuchekesha.

Ndeenengo akaenda kwenye ua, akachuma jani la sale, akarudi na kupiga magoti. Desturi yetu mnaijua: ukiletewa sale, huna budi kusamehe. "Bibi, nilisogeza mpaka," akasema. Bibi akalipokea jani na kumwinua. Kesho yake masale yalirudi mahali pake.

Wa tatu akainamisha kichwa na kunyamaza. Alikuwa na aibu, sikatai. Lakini pia aliiona kamba inavyomsogelea.

"Mnamwona?" mwinjilisti akasema. "Hata kujisifu hajui!" Watu wakapiga makofi, na Bibi akamkabidhi kamba.

Aliipokea kwa mkono huu.

Ndiyo, ni mimi, Aminirabi. Msinitazame hivyo. Mtamba amekwisha kuzaa, anakamuliwa. Kila asubuhi nampelekea Bibi chupa ya maziwa, naye huniombea: "Mungu akuzidishie, mwanangu, kwa moyo wako safi." Narudi nyumbani najiona mwizi. Na maziwa yenyewe, sijui kama nayapeleka kwa upendo au kwa kujinyamazisha.

Mke wangu ananiambia, "Mgongo uliombeba si ulikuwa wako?" Ni kweli. Pasipo mgongo wangu kidonda kingemuua, pasipo Ndeenengo njaa ingemuua, pasipo Elisaria baridi ingemuua. Elisaria alisema ukweli, ila baada ya kura kuhesabiwa, na uzee wa kanisa hajauacha. Ndeenengo alirudisha shamba, ila alihudumu kwa kulipia dhambi yake. Mimi nilitamani mali ya mjane, kisha nikavishwa sifa ya mtakatifu. Ukisema mtamba arudishwe kwa Bibi, Bibi hana tena nguvu za kukata majani, na alikwisha kumtoa kwa ajili ya Mungu.

Jani la sale hili hapa, nimelichuma leo. Nikimpa atanisamehe, hata bila desturi angenisamehe. Lakini nitasamehewaje huku ng'ombe yuko zizini kwangu?

Mvua imepungua. Bibi yule pale mlangoni mwa kanisa, ananingoja nimshike mkono kwenye utelezi. Kabla sijamfikia, niambieni: jani nitampa yeye, lakini kamba nimpe nani? Wewe, ungekuwa mwamuzi, ungeamua vipi?