Kobe Aliyeanguka Polepole

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana kuna mtu anaaibika na sitaki mumkose.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walipika na watu walikuja kula tu, Nungunungu alisimama mbele ya watoto wa kijiji kizima. Akavuta pumzi, akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti nene:

"Yah: Kobe kutumbukia kisimani. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

Watoto wote wakatazama juu. Hawakuona kichwa.

"Hapo juu wapi, babu?" akauliza Pimbi, binti mdogo kuliko wote.

"Mimi si babu. Mimi mjomba," akasema Nungunungu, akivuta tumbo ndani.

"Hapo juu wapi, mjomba?"

Nungunungu akatazama juu naye. Akaona moshi.

Sasa nisikilizeni. Kijijini hapo, msimu wa mavuno, wakubwa walishinda mashambani na watoto walipikiwa chungu kimoja cha makande. Mpishi alikuwa Mama Ngiri, na mahindi ya huko yalikuwa magumu kama meno ya mamba. Yalichemka, yakachemka, yakachemka, na watoto waliochoka kucheza walisinzia kabla chungu hakijaepuliwa. Mtoto wa huko akilala na njaa haamshiki. Hulala nayo mpaka asubuhi. Ndiyo maana pakawekwa kigoda cha kusimulia ngano. Aliyekikalia alikuwa na kazi moja: kuuzuia usingizi mpaka makande yaive. Akishindwa jioni tatu, anaondoka, anakaa mwingine.

Na huyo mwingine alikuwa tayari. Alikuwa Kasuku, aliyejua ngano moja tu, na aliijua kwa ghibu.

Ujanani Nungunungu alikikalia kigoda hicho, na watoto walimfuata mpaka mtoni wakidai ngano nyingine. Kisha Simba akasikia kwamba kuna mtu anayeng'oa mwiba mgongoni mwake mwenyewe na kuandika nao. Akamwita barazani kwake. Miaka ishirini Nungunungu akaandika barua za onyo katika falme saba, akala na wafalme, akazomewa kwa lugha nane. Akarudi nyumbani na mwavuli, na kitambi, na hamu moja: kuwatungia watoto tena. Alidhani ni kama kuogelea, kwamba mtu hasahau.

Jioni hiyo ya kwanza alizama. Aya ya pili, Kicheche akalala. Aya ya tatu, pacha wa Digidigi wakalala. Alipofika "Nakala kwa", hata Pimbi alikuwa anakoroma. Makande yakaepuliwa, mlaji hakuna.

"Mjomba, umewamaliza," akasema Mama Ngiri. "Hata mimi nimekoroga nimefumba macho."

Jioni ya pili Nungunungu akaja bila barua. Akasema leo ni safari zake katika falme saba, na kila safari ina funzo lake. Funzo la kwanza, subira. Funzo la pili, utii. Funzo la tatu, subira tena, maana mara ya kwanza hawakuielewa vizuri.

"Mjomba, mafunzo yako mangapi?" akauliza Pimbi.

"Kumi na manne."

Pimbi akajilaza mwenyewe, kwa hiari yake.

Alfajiri Nungunungu akamsikia Kicheche analia njaa, nyumba ya tatu kutoka kwake. Akajigeuza kitandani, akamsikia. Akajifunika, akamsikia. Akaamka, akang'oa mwiba, akaandika, akachana. Akang'oa mwingine, akaandika, akachana. Kufika alasiri mgongo wake ulikuwa na upara, lakini ngano ilikuwa imeandikwa, safi, haina doa. Akaiweka jikoni juu ya jiwe, akaenda kuoga ili awe nadhifu.

Mvua ikanyesha. Alipotoka kuoga alimkuta Kasuku ameshakaa kwenye kigoda.

"Nakipasha joto tu," akasema Kasuku.

"Karatasi zangu ziko wapi?"

Mama Ngiri akaonyesha kwa mwiko, chini ya chungu. "Kuni zimelowa, mjomba. Zimewaka vizuri, nisikufiche."

Nungunungu akabaki amesimama mbele ya watoto, mikono mitupu. Miaka ishirini hakuwahi kufungua kinywa bila karatasi. Chungu ndiyo kwanza kinaanza kuchemka.

"Kobe alitumbukia kisimani," akasema.

"Halafu?" akauliza Pimbi, na kope zake zilikuwa tayari nzito.

Kwenye karatasi, Kobe alifika chini akajuta. Nungunungu akazitazama zile kope.

"Hakufika," akasema. "Huyu ni Kobe. Mmewahi kumwona Kobe anafanya jambo lolote haraka? Hata kuanguka alianguka polepole."

Kope zikafunguka.

"Alianguka asubuhi. Adhuhuri mkewe akainama kisimani, akaita: 'Baba watoto, umefika?' Kobe akajibu: 'Bado, nipo njiani.' Mke akamteremshia ugali kwa kamba. Alasiri akaja jirani: 'Kobe, umefika?' Kobe akajibu: 'Bado, nipo njiani. Mwambie mama watoto ugali haukuwa na mboga.' Jioni akaja mfalme na ngoma zake: 'Kobe, umefika?'"

"Bado, nipo njiani!" wakaitika watoto wote.

"Halafu?" akadai Kicheche, amesimama.

"Sijui," akasema Nungunungu, na moyo ukamruka kama wa kijana. Karani wa Simba alijua mwisho wa kila barua kabla hajang'oa mwiba. "Kweli sijui. Nani anajua?"

"Alipishana na chura anayepanda," akasema Kicheche.

"Kisima chembamba. Nani ampishe mwenzake?"

"Chura ampishe. Kobe ni mkubwa."

"Kobe ampishe," akasema Pimbi. "Yeye hana haraka."

Wakabishana, wakapiga kura, wakaikataa kura. Chura akapita juu ya Kobe na kumwomba radhi. Makande yakaiva. Mama Ngiri akaepua, akapakua, akaita mara tatu. Hapana aliyesogea. Pacha wa Digidigi walikuwa wanamwigiza mfalme na ngoma zake, na Nungunungu alikuwa kisima.

Kasuku, bado yuko juu ya kigoda, akainua bawa. "Sheria ni makande yaive, watoto wale. Hawa hawali, na chakula kinapoa. Kashindwa jioni tatu."

Wote wakamgeukia mpishi, na hadithi yangu naifunga hapo, kwa sababu Mama Ngiri akishasema hakuna anayeongeza:

"Watakula yakipoa. Wewe shuka, mwenye kigoda akae."