Koti Lililonuswa

"Hakushona yeye. Nimekwambia hakushona yeye, na sahihi yangu siweki."

Ndivyo alivyosema mwalimu mmoja wa ushonaji, ndugu zangu, akibishana na mwenzake wa kilimo. Wawili hao walikuwa wameachiwa kazi ya kuchagua mwanafunzi wa kidato cha nne atakayepewa tuzo ya ujuzi. Tuzo yenyewe haikuwa kikombe cha kuweka kabatini. Mshindi angesomeshwa chuo cha ufundi mpaka amalize. Na binti waliyekuwa wakimbishania, kwao hakukuwa na mtu wa kumsomesha hatua moja zaidi. Akikosa hapa, shule imeishia hapo.

Mezani palikuwa na koti la mtoto, lenye bitana na mifuko miwili. Mwalimu wa ushonaji alikuwa ameligeuza ndani nje. Alitafuta kwenye kola alama ya lebo iliyokatwa, hakuiona. Akalinusa kwapani, maana nguo ya mtumba ina harufu yake hata ifuliwe vipi. Likanuka sabuni tu. Basi akaihama hoja hiyo, akasema kama halikununuliwa, limeshonwa na fundi wa mjini.

"Nusa na mfuko, Mwalimu," mwenzake akamtania. "Labda fundi kaacha jina lake."

"Cheka tu. Wewe unajua mahindi, mimi najua wanafunzi wangu. Huyu hajui kushona."

Hebu niwaulize. Ukishamshuku mtu, kuna kitu atakachofanya kikuridhishe? Koti likiwa baya, hastahili. Likiwa zuri, kadanganya.

Binti akaitwa. Mwalimu akafungua chumba cha vyerehani, akavua plastiki kwenye kimoja, akamwambia ashone mfuko kama ule wa koti. Binti akakaa. Mkono wake ukaenda kutafuta mpini wa kuzungushia, ukakuta hakuna, kwa maana cherehani hiki kilikuwa cha miguu. Akakanyaga. Gurudumu likazunguka kinyumenyume, uzi ukakatika. Akatunga tena, akakanyaga, ukakatika tena. Jasho likamtoka puani.

Moyo wa mwalimu ukatulia kama wa mtu aliyemkamata mwizi wa kuku na manyoya mkononi.

Mwenzake akamuuliza binti nyumbani anatumia cherehani gani. Akajibu cha mkono, cha shangazi yake. Na hiki cha shule amewahi kukitumia? Binti akamtazama mwalimu wake, kisha akaitazama ile plastiki iliyovuliwa.

"Mwalimu," yule wa kilimo akasema, safari hii bila utani, "umesema hajui kushona kabla hata hajakaa hapa. Ulijuaje?"

"Nitakosaje kujua? Angejua, si ningekuwa nimemfundisha mimi? Na mimi hapa sijamfundisha mtu yeyote."

Maneno yakamtoka, na masikio yake mwenyewe yakawa ya kwanza kuyasikia.

Vyerehani vile vilikuwa vimefunikwa tangu vilipoletwa. Aliogopa wanafunzi watavivunja naye aulizwe, na alitaka wakaguzi wakija wavikute vinang'aa. Kushona alikuwa akifundisha ubaoni, kwa chaki. Ndiyo maana alikuwa na hakika kwamba hakuna anayejua. Hakika hiyo aliitengeneza yeye.

Akavuta kiti, akakaa karibu na binti. Akamwonyesha kwamba gurudumu huanzishwa kwa mkono, livutwe kuelekea kwako, ndipo mguu ufuate. Haikuchukua muda, mfuko ukatoka. Mwalimu akaupeleka dirishani pamoja na koti, akailinganisha mishono, bado akitafuta kosa, maana shaka haiondoki kwa siku moja. Hakulipata. Akaweka sahihi.

Sasa tusimcheke. Sisi tumefunika nini? Kijana akisimama hapa mbele akaomba vizuri, si tunaulizana nani kamwandikia? Mkwe akipika pilau likakubali, si tunamtuma mtoto jikoni achungulie kama limeagizwa? Tunawashuku kwa sababu tunajua fika hatukuwapa nafasi. Tunapima walichonacho kwa kile tulichowanyima, tunasahau kwamba Mungu hakutuomba ruhusa alipogawa vipawa. Binti yule alimpa mikono, akampa na shangazi. Sisi alituwekea vyerehani, tukaviona ni vya kutazamwa. Siku nyingine ukijikuta unamgeuza mtoto wa mwenzako ndani nje ukitafuta lebo, simama kidogo, ujiulize: kwa nini nina hakika hivi kwamba hawezi? Ni nani alimzuia asiweze?

Na kabla sijaketi, nisiwaache bila kuwaambia yaliyompata binti. Chuo alikipata. Aliwashukuru walimu wake kwa heshima zote, akakunja koti, akaondoka. Alipofika mlangoni akageuka, akamwona mwalimu amesimama kando ya cherehani, plastiki ameishika, hajui aifanyeje.

"Mwalimu," akasema, "kabla hujafunika, wa kidato cha kwanza wako hapa nje. Wanauliza kama na wao wanaweza kuingia."