Picha ya Uani kwa Bi Rukia

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya kale, maana mafuta nitakayoyataja bado yanauzwa, palikuwa na mwalimu wa madrasa akiitwa Zamzam. Wasichana wa mtaa mzima walisoma kwake. Tulieni mnisikilize. Hadithi hii hunipandisha hasira na sitaki kuirudia.

Bi Rukia aliozesha binti yake. Siku ya ngoma ya wanawake, ua ulizungushiwa makuti, mlango ukafungwa, wanaume wakaambiwa wakae mbali. Mle ndani wanawake wakavua mabuibui, wakafungua nywele, wakacheza. Kwa desturi yetu, kinachochezwa uani hakitoki uani. Na shughuli ina mwenyewe: yeye ndiye aamuaye nani aingie, nani ale, wimbo gani uimbwe.

Mpiga picha alikuwa Nasra, mwanamke mwenzao. Zamzam, naye mgeni pale, alimwona akimwelekezea kamera na hakujificha. Alicheka, akazungusha leso juu ya kichwa kitupu, akijua picha ile itakaa katika albamu ya bibi harusi.

Haukupita muda, picha ikatokea njia panda, kubwa kama ukuta wa nyumba: Zamzam nywele wazi, mabega wazi, na ubavuni chupa ya mafuta ya nywele ya Hemedi, mfanyabiashara wa mjini. Wazazi wakawaondoa watoto madrasa. Mama mmoja hata salamu hakutoa; alimshika mwanawe mkono wakaondoka. Darasa likabaki mikeka.

Zamzam akawaita Nasra na Hemedi kwa Bi Rukia, uani pale pale.

"Nani aliyenitoa nje hivi?" akauliza.

Nasra akasema, "Mwalimu, mimi niliomba ruhusa. Nilimwuliza mwenye shughuli, picha hizi naweza kuziuza? Akasema uza tu. Ningemwuliza nani tena?"

Bi Rukia akasema, "Ua ni wangu, shughuli ni yangu. Tangu lini mwenye shughuli akamwuliza mgeni mmoja mmoja? Na wewe, mwanangu, uliichekea kamera. Mimi niliruhusu picha za ngoma, mafuta siyajui."

Hemedi akasema, "Mimi niliuziwa picha, nikaambiwa ruhusa ipo. Sikuwamo uani, wala sikukujua. Niliona nywele nzuri, basi."

Zamzam akasema kwa hasira, "Nywele zangu mlizitaka, mabega yangu mliyataka. Mdomo wangu tu ndio hamkuwa na haja nao. Sasa sitaki pole zenu. Bango lishuke, na mmoja wenu aende madrasa Ijumaa, asimame mbele ya wazazi, aseme: kosa ni langu, mwalimu hakujua."

Bango lilishuka siku ile ile, hilo tuseme kweli. Lakini kwa lile la pili walitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Mwisho wakasema, "Sote tumekosa." Wakapeana mikono, wakanywa kahawa, wakaenda zao. Kosa likawa la wote, likakosa mwenyewe.

Ijumaa wazazi, walioitwa na mwalimu, wakangoja madrasa. Hakuja mtu. Wakaondoka, na watoto hawakurudi.

Basi msinijibu "wote". Jibu hilo walishalitumia wao, na mnaona lilikomfikisha mwalimu. Kuna Nasra, aliyebisha hodi mlango usiokuwa wake. Kuna Bi Rukia, aliyetoa ruhusa ya uso wa mtu. Kuna Hemedi, aliyeununua bila kumtafuta mwenye nao. Je, nani alistahili kusimama mbele ya wazazi wale?