Hodi ya Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge? Walioshiba ndio hawana sauti? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ya bibi yake bibi yangu, palikuwa na nchi ya Panya Buku. Jamani, buku wale walikuwa nacho! Maghala ya mtama, maghala ya karanga, maghala ya mihogo mikavu. Kila mavuno walimwaga chakula cha mwaka jana kilichooza, ili cha mwaka huu kipate pa kukaa. Na kuzunguka nchi nzima, boma la miiba lenye mlango mmoja tu.

Mlangoni alikaa Bi Siwatu, buku mtu mzima, mjane, mwenye huruma nyingi na woga mwingi zaidi. Sheria ya mlango ilikuwa hii: mgeni apige hodi moja kila asubuhi, kwa asubuhi tatu. Buku waliamini adui hana subira hiyo. Na mlinzi akifungua kabla ya hodi ya tatu, anafukuzwa yeye, harudi tena.

Basi, ng'ambo ya mto Nyani wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Ndugu akamchomea ndugu yake msitu. Asubuhi moja akafika mlangoni nyani mmoja, Mashavu jina lake, manyoya yameungua, mgongoni kambeba mwanawe Kombo.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mashavu. Mume wangu kauawa, kwetu kunawaka. Nina mtoto mgonjwa, mama. Naomba maji tu."

Bi Siwatu akamsikia Kombo akilia kwa nguvu. Akakimbia kwa Sultani. Baraza likakaa.

"Akiingia huyu, kesho wataingia mia," akasema mmoja.

"Watatuletea vita vyao humu," akasema wa pili.

"Kwani nani kakataa?" akasema Sultani, anachokoa meno. "Bado hodi mbili."

Asubuhi ya pili. "Hodi!" Sauti imekauka. Kombo halii tena, anaguna tu. Bi Siwatu akajaza kata ya maji, akapeleka mkono mpaka kwenye komeo. Akafikiria uzee wake, akafikiria kulala porini peke yake.

"Vumilia, mwanangu," akasema. "Ni kesho tu."

Maji akayarudisha mtungini. Aliona aibu, lakini aliyarudisha.

Asubuhi ya tatu akaamka mapema, akafagia, akatandika mkeka, akapika uji. Akasubiri. Jua likatoka, kimya. Jua likapanda, kimya. Jua likafika utosini, kimya.

"Piga hodi, mwanangu!" akanong'ona kwenye ufa. "Moja tu! Piga nifungue!"

Kimya.

Uzalendo ukamshinda. Akavuta komeo. Mashavu alikuwa amekaa palepale, mzima, kampakata Kombo. Uso wa mtoto umefunikwa kwa majani.

"Karibu! Karibu ndani! Mbona hukupiga hodi?"

Mashavu akamtazama.

"Hodi nilikuwa nampigia mtoto," akasema.

Akainuka na mwanawe, akashika njia ya kurudi kulekule kwenye moto. Bi Siwatu akamwita mara ya kwanza, akamwita mara ya pili, akamwita mara ya tatu. Hakugeuka.

Siku ileile buku wakamfukuza Bi Siwatu. Naye Sultani akawaambia watu wake, "Mnaona? Mlango tumeufungua, na mwenyewe hakutaka kuingia."

Wote wakaitikia kwamba ni kweli, wakaenda kula.

Mnataka funzo? Funzo ni hili: anayekimbia kifo hana asubuhi tatu za kungoja, na anayemngojesha asijisifu kwamba hakumkataa.

Hadithi yangu naitua hapa. Ikiwapendeza, ondokeni nayo. Ikiwachukiza, niachieni mwenyewe, nimeizoea. Na wewe uliyekaa mlangoni, hebu fungua kidogo, moshi huu unaniumiza macho.