Mayai Makubwa ya Mwanakheri

Bwana Mbaruku ndiye aliyekuwa na bwawa pekee pale kijijini. Msimu wa kuatamisha ulipofika, alimwendea Mwanakheri, mjane aliyefuga bata, akamwambia bata wake wanaoga bure, kwa hiyo wagawane mayai nusu kwa nusu, na yeye achague kwanza.

"Chagua, bwana wangu," alisema Mwanakheri, akatua kapu. "Ila haya makubwa nakuomba sana uniachie."

Mbaruku aliyatazama yale makubwa yaliyojaa kiganja, akaona mabata ya kutisha yakiogelea bwawani kwake. Yai kubwa, kifaranga kikubwa. Hilo halikuhitaji mwalimu.

"Huruma yangu ni bwawa," alisema, akayabeba makubwa yote. Mwanakheri alijifuta machozi kwa upindo wa kanga, akabaki na ya kawaida.

Mbaruku akayaweka chini ya kuku wake waliokuwa wakiatamia. Muda wake ulipotimia, kwa Mwanakheri vifaranga vilijaa uani vikipiga kelele. Kwa Mbaruku kuku waliinuka, wakaacha mayai viza yanayonuka nyumba nzima.

Alikwenda kwa mjane amefura. "Umenilaghai. Ulijua hayaanguliki."

"Nilijua," alisema Mwanakheri. "Yana viini viwili viwili, hayaanguliki hata ungeyaatamia mwenyewe. Si nilikuomba uniachie?"

"Ulinililia mpaka machozi!"

"Na yalikuwa machozi ya kweli, bwana wangu. Yale huwa nayakaanga. Hakuna yai tamu kama lile."