Saa Tano Juani

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, maana saa za ukutani zilikuwepo na kodi ilikuwepo, paliondokea mtafiti mmoja, Daktari Tekla Nandonde. Wananchi walikatwa kodi, kodi ikajenga taasisi, taasisi ikamlisha Tekla miaka tisa. Miaka tisa anapima unga wa muhogo! Watu wakasema, "Kodi yetu inaliwa na mtu anayechezea unga." Tekla akasikia, akameza.

Hakuwa anacheza. Ng'ambo ya mto, kijijini Namatuka, muhogo ulikuwa mchungu. Mwaka wa mvua haba watu waliula kabla sumu haijatoka, na mtoto aliyelala mzima aliamka miguu imekakamaa, asiweze kuikunja tena maisha yake yote. Sikudhani, binti wa Bi Somoe, alilala mzima akaamka hivyo.

Mwaka wa tisa Tekla akaipata njia. Unga ukilowanishwa na kutandazwa, sumu inapaa na hewa. Akaandika karatasi: "Unga ukishalowa, anika juani saa tano."

Haya, ninyi mnaojijua kwa Kiswahili, mmesikia nini hapo?

Tekla alimaanisha muda, tangu kuanika hadi kuanua. Masinia yake ya maabara yalijaa unga mnene, hauwi salama kabla ya saa tano kwisha. Angeandika "masaa matano" kila mtu angeelewa, lakini mwalimu wake wa Kiswahili aliwahi kumchapa kwa neno hilo "masaa". Basi akaandika Kiswahili fasaha. Ufasaha nao una visa vyake.

Karatasi ikalala kabatini mwaka mzima. Akaja Bwana Mchopa, afisa ugani, akaichukua. Akavuka mto, akapita nyumba kwa nyumba. Akafukuzwa, akarudi. Akatukanwa, akarudi. Mwisho Bi Somoe akamwambia, "Haya, baba, nisomee."

Akamsomea. Bi Somoe akasikia saa ya mchana, saa tano, jua linapoanza kuchoma. Na kuanua je? Karatasi haikusema. Akaamua mwenyewe: saa saba, kabla ya kurudi shamba. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, akaazima majamvi mawili, akautandaza unga mwembamba hata ukili wa jamvi ukaonekana chini yake. Akawafundisha majirani: saa tano anika, saa saba anua. Kijiji kizima kikafuata.

Mwaka ule mvua ziligoma tena. Namatuka hakukakamaa mtoto hata mmoja.

Tekla akaenda kujionea, Mchopa akimwongoza. Akafika saa saba, akakuta wanawake wanaanua unga.

"Acheni! Nani kawaambia muanue? Mtawalemaza watoto!"

"Wewe ndiye uliyetuambia, mwanangu," Bi Somoe akasema. "Saa tano tumeanika. Sasa saa saba. Tumekosea wapi?"

Tekla akachota unga, akaupima kwa kipimo alichokuja nacho. Safi. Akapima wa nyumba ya pili. Safi. Akapima nyumba thelathini, zote safi! Jamvi na unga mwembamba vilifanya kwa saa mbili kazi ambayo masinia yake yaliifanya kwa saa tano. Akamgeukia Mchopa.

"Ulijua kwamba wameelewa vingine?"

"Nilijua, Daktari. Tangu siku ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Msimu wa palizi, nani angekaa kutwa kufukuza kuku kwenye unga? Wasingeanika kabisa. Nikaona heri kidogo kuliko kukosa kabisa."

"Na watoto wangekakamaa?"

Mchopa akainama, akamsaidia Bi Somoe kuanua.

Tekla akaandika karatasi nyingine: tandaza mwembamba, anika saa tano mchana, anua saa saba. Ikaenea nchi nzima. Ndipo serikali ikamwita kumpa Tuzo ya Utafiti Uliofika Nyumbani. Tuzo hiyo hupewa mtu mmoja tu, na mshindi ndiye anayechagua kodi igharimie utafiti gani miaka tisa ijayo. Lakini kwanza aape mbele ya watu: "Kazi hii ni yangu peke yangu."

Ukumbi ukajaa. Tekla akainua mkono. Akamwona Mchopa safu ya tatu. Akamwona Bi Somoe, na Sikudhani na magongo yake mawili. Akaushusha mkono bila kuapa. Akawaeleza watu yote, tangu kabati mpaka jamvi.

Mwenyekiti wa kamati akakunja uso. "Sheria inataka jina moja. Likikosekana leo, tuzo inafutwa, na haki ya kuchagua utafiti wa miaka tisa inafutwa nayo. Semeni wote watatu."

Mchopa akasimama. "Karatasi ilikuwa chakula cha mende. Dawa isiyofika si dawa. Nimeifikisha kwa miguu yangu na kwa kimya changu. Nipeni, kodi itafute njia ya kufikisha yote yaliyolala makabatini. Tuzo ni yangu."

Bi Somoe akasimama. "Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Juani nilikuwa mimi. Hiyo njia ya masinia hakuna aliyeifuata, inayofuatwa nchi nzima ni ya jamvi langu. Na kodi nimelipa, tena kila mwaka. Nipeni, watafute dawa ya miguu iliyokwisha kukakamaa. Tuzo ni yangu." Sikudhani akainamisha kichwa, akalia.

Tekla naye aliitaka, nisiwafiche. Akasema, "Bila miaka yangu tisa, Bi Somoe angeanika kwa nini? Bila kipimo changu, kubahatisha kungebaki kubahatisha, na siku ya mawingu tungelia. Nilikosea neno, sikukosea sumu. Nipeni, nitafute muhogo usio na sumu kabisa, asiwepo tena mtoto wa kuamka hivi. Tuzo ni yangu."

Mwenyekiti akasukuma karatasi na kalamu mbele ya Tekla. "Wewe ndiwe uliyeitwa, wewe ndiwe uliyekataa kuapa. Andika jina moja."

Tekla akaishika kalamu. Sikudhani alikuwa anamtazama.

Mimi nakomea hapa, maana kodi ile haikuwa yangu, ni yenu. Mmoja aligundua akakosea neno, mmoja alifikisha akaficha, mmoja alifaulu kwa kutoelewa. Je, nani alistahili? Na wewe uliyekaa hapo kimya, ungeandika jina la nani huku Sikudhani anakutazama?