Nani Alirudisha Shamba la Shimoni

Haya, sogeeni. Mwenye haraka ya kwenda nyumbani aende sasa hivi, maana nikimaliza kusimulia kazi itakuwa yenu.

Katika kijiji cha Idegela, kule milimani kwenye baridi, walikuwepo watu watatu. Mama Skolastika alijua kutunza. Mzee Yordani alijua kukataa. Na Masele, dereva wa katapila, mgeni kutoka Usukumani, alijua kurudisha kitu pale kilipotoka. Ni vipaji vya kawaida tu. Nimewahi kuwajua watu wenye vipaji vikubwa kuliko hivyo ambao hawajamfaa hata jirani.

Barabara ya lami ilipokuja, kampuni ilipewa kibali cha kuchimba changarawe kwenye shamba la kijiji. Kibali kilisema wazi: udongo mweusi wa juu uwekwe pembeni, na kazi ikiisha, shimo lifukiwe na udongo ule urudishwe juu. Basi udongo ukalundikwa pembeni, rundo refu kama nyumba, na uchimbaji ukaendelea miaka minane.

Miaka yote hiyo Skolastika ndiye aliyelilinda rundo. Wafyatua matofali walikuja na mikokoteni, wauza maua wa mjini wakaja na viroba, kila mmoja akitaka achote kidogo tu. Lakini Skolastika, mjane asiye na shamba, alikuwa amepanda maboga kuanzia chini hadi kileleni, na hakuna mtu wa Idegela anayethubutu kukanyaga boga la mjane mchana kweupe. "Udongo huu una mwenyewe," aliwaambia. "Ni wa lile shimo." Walimcheka sana. Hata hivyo mizizi iliushika udongo, mvua hazikuubeba, na yeye akala na kusomesha watoto kutoka rundo lile. Siku ya kuurudisha ilipofika, aling'oa maboga kwa mikono yake mwenyewe. Alilia, siwafichi. Bustani yake yote ilikuwa inakwenda shimoni.

Yordani, katibu wa kamati ya mazingira, alikaa na muhuri wa kijiji kwenye mfuko wa koti. Bila muhuri huo wilaya isingekubali kwamba shimo limefukiwa, na kampuni isingeruhusiwa kuondoka. Shamba lake mwenyewe lilikuwa bondeni, limezikwa na mawe yaliyoporomoka kutoka machimboni, kwa hiyo alijua hasara ya kugonga muhuri kabla mawe hayajafukiwa. Msimamizi wa kampuni alisukuma mawe kidogo pembezoni, akaja na karatasi akitabasamu. Yordani akamwita Skolastika, akamtwika ndoo ya maji.

"Shuka nayo mpaka chini, mama. Ikimwagika, hata udongo hautakaa hapa, na mimi sigongi."

Mteremko ulikuwa mkali. Skolastika alilowa mpaka miguuni. Msimamizi akampelekea Yordani kondoo, naye akamrudisha kondoo. Wenzake kwenye kamati wakalalamika kwamba anawacheleweshea mambo. Akawaambia waje na wao waibebe ndoo. Mwezi uliofuata wakajaribu tena, maji yakamwagika tena. Sigongi, akasema, akaenda zake kunywa chai.

Ndipo akaletwa Masele na katapila lake. Aliagizwa amalize kwa siku nne: asukume kilicho karibu kwanza, na kilichokuwa karibu ni ule udongo mweusi. Udongo ungelala chini, mawe yangekaa juu, na pale pasingeota hata magugu. Macho ya haraka yangeona tu kwamba shimo limejaa, na ndoo isingegundua kitu.

"Bosi, kwetu ni wakulima," alisema Masele. "Siwezi kuzika udongo."

Akatanguliza mawe makubwa, akafuatisha changarawe iliyobaki, kisha udongo mwekundu, na mweusi juu kabisa, huku akiulaza mteremko pole pole. Alitumia siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili akaachishwa kazi. Skolastika akabeba ndoo mara ya tatu, akafika chini bila tone kumwagika, na Yordani akagonga muhuri.

Sasa pakawa na ekari moja nyeusi, nzuri ya kutamanisha. Wilaya ikaleta fomu: shamba lisigawanywe kwa miaka kumi, maana mfereji wa mpaka ukichimbwa, maji hupita humo na udongo hubomoka, liwe na mtunzaji mmoja, naye ndiye atakayelima na kula. Mstari wa jina ulikuwa mmoja. Mwenyekiti wa kijiji akajifanya mjanja, akaandika majina matatu kwa herufi ndogo. Fomu ikarudishwa. Na kabla hamjaniuliza kwa nini wasilime kwa pamoja, ekari moja ya Idegela inalisha nyumba moja, tena kwa kubana.

Mkutano ukaitwa. Mawingu yalikuwa yameshatanda, na udongo ule usipopandwa kabla ya mvua ungeteremka wote bondeni. Masele akasimama kwanza. "Mimi kazi sina tena, na nyumbani siwezi kurudi mikono mitupu. Ningetii, hapa mngekuwa na mawe." Yordani naye akasema, "Ningegonga siku ile ya kondoo, katapila lisingewashwa. Na shamba langu mnaliona lilivyo."

Skolastika alikuwa na mbegu za maboga kwenye pindo la kitenge. Alikuwa amejiandaa kusema mengi, lakini alipomtazama Masele maneno yakapungua. "Ningewaacha wachote," akasema, "mngerudisha nini?" Akakaa.

Mwenyekiti akamgeukia. "Mama, safari ya mwisho hukumwaga hata tone. Kalamu ingekuwa yako, ungemwandika nani?"

Skolastika akalishika lile pindo lenye mbegu. "Nikijiandika, nitakula nikiwaona hawa wawili wakipita njiani. Nikimwandika mwingine, nitapita mimi, kila siku, nikiutazama udongo nilioutunza miaka minane. Andika wewe, mwenyekiti."

Mwenyekiti akaitazama fomu, akayatazama mawingu. Tone la kwanza likadondoka juu ya ule mstari mtupu.

Kalamu ile ninayo mimi, na sasa nawakabidhi ninyi mlioketi hapa. Mvua imeshaanza. Haya, mnaandika jina la nani?